Bwete, Adimu, au Muungwana? Tamathali ya Gesi katika "Agoni" ya Primo Levi

Hadithi iitwayo "Agoni" ndiyo ya kwanza katika kitabu cha mwandishi Mwitaliano Primo Levi, Il sistema periodico, kilichochapishwa mwaka 1975. Kitabu kina sura 21, na kila sura imepewa jina la elementi moja ya kikemia. Levi (1919–1987) alikuwa mwanakemia wa kazi, mzaliwa wa Torino, Myahudi aliyenusurika katika kambi ya Auschwitz, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa kiwanda cha rangi huku akiandika nyakati zisizokuwa za kiwanda. Mwandishi wa makala haya hasomi Kiitaliano. Tuliisoma hadithi hii kwanza tulipokuwa masomoni ng'ambo, katika tafsiri ya Kiingereza ya Raymond Rosenthal iliyotoka mwaka 1984, na tumeirudia mara kadhaa tangu hapo. Msomaji na aitie kasoro hiyo katika mizani anapozipima hoja zetu.

Kilichoturudisha kwenye hadithi hii safari hii ni zoezi dogo la darasani. Tuliwapa wanafunzi wetu wa somo la tafsiri aya ya kwanza ya "Agoni" waitie katika Kiswahili. Aya yenyewe haina mzungusho: inataja kundi la gesi zilizomo katika hewa tunayoivuta, ambazo hazijishughulishi na chochote. Hata hivyo, jina la kundi hilo tu liliwagawanya. Mmoja aliandika gesi adimu, wengine wawili gesi bwete, mwingine gesi ajizi, na mwanafunzi mmoja kutoka Lamu akaandika gesi za kiungwana, wenzake wakamcheka. Mwanzoni tulidhani ubishi huo ni wa istilahi, wa kumalizwa kwa kufungua kamusi. Baadaye tulitambua kwamba ni ubishi juu ya hadithi nzima, kwa maana hadithi hii imesimama juu ya vivumishi hivyo vitatu, na kwa maoni yetu haisimami imara juu ya kila kimoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha ni wapi tamathali ya Levi inambeba, na ni wapi inamwangusha.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa ufupi. Levi anaanza na gesi, kisha anasema kwamba yale machache anayoyajua juu ya wazee wake yanawafananisha nazo. Wazee hao ni Wayahudi wa Piemonte, kaskazini magharibi ya Italia, waliofika huko yapata mwaka 1500 wakitokea Uhispania kupitia Provence. Hawakupendwa sana wala kuchukiwa sana; walikaa kando ya mto mkubwa wa maisha ya wenyeji. Kutoka hapo hadithi haina msuko wa kawaida. Ni mfululizo wa wazee na vituko vyao, maneno yao na mizaha yao, hadi tunafika kwa baba yake mwandishi, mhandisi aliyependa nyama ya nguruwe iliyokatazwa na dini yake, ambaye humkagua mwuza nyama hesabu kwa rula yake ya kihandisi. Mwisho kabisa ni mtoto Primo akipelekwa kumwamkia bibi yake mzaa baba. Anayetafuta mgogoro na kilele atakitupa kitabu mapema. Utamu wa hadithi umo katika lugha, na kwa sababu hiyo inatuhusu sisi wanalugha kuliko wanakemia.

Lakini hatuwezi kuihukumu tamathali bila ya kukijua kifananishi. Kundi hili lina heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni na radoni. Elementi ya 118, oganesoni, iliyopewa jina lake rasmi mwaka 2016, imewekwa chini ya safu hiyo hiyo ingawa atomu zake zilizowahi kutengenezwa ni za kuhesabika. Zote hazina rangi, hazina harufu, hazina ladha. Atomu zake hukaa moja moja, tofauti na oksijeni au naitrojeni ambazo atomu zake hutembea mbili mbili. Hata zenyewe kwa zenyewe hazivutani ila kidogo mno, ndiyo maana heliamu haiwi kiowevu mpaka ipozwe kufikia nyuzi 269 chini ya sifuri, agoni 186 chini ya sifuri, na hata radoni iliyo nzito huchemka kwenye nyuzi 62 chini ya sifuri. Sababu ya upweke huu ni tabaka la nje la elektroni: heliamu ina mbili, nyingine zina nane, na kwa idadi hiyo tabaka limetimia. Elementi nyingine huungana kwa sababu zina upungufu au ziada. Hutafuta wa kumpa au wa kumnyang'anya. Hizi hazina deni wala mdai.

Kwa ajili ya tabia hiyo zilijificha kwa muda mrefu. Mwaka 1785 Henry Cavendish, huko Uingereza, aliiondoa naitrojeni na oksijeni katika sampuli ya hewa akabakiwa na povu dogo, lisilozidi sehemu 1 kwa 120, ambalo halikukubali kumenyuka. Aliliandika, akaliacha. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Lord Rayleigh aliona kwamba naitrojeni iliyotolewa katika hewa ilikuwa nzito kuliko naitrojeni iliyotengenezwa kwa njia za kikemia, kwa tofauti ya kama nusu ya asilimia moja. Mtu mwingine angeipuuza. Yeye na William Ramsay waliifuata tofauti hiyo mpaka mwaka 1894 wakatangaza elementi mpya, wakaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya asiyefanya kazi. Mwaka uliofuata Ramsay alipata heliamu hapa duniani, ambayo kabla ya hapo ilijulikana tu kwa mstari wa mwanga katika jua, na mwaka 1898 yeye na Morris Travers wakazipata tatu kwa mpigo: Mpya, Aliyefichika, na Mgeni. Ndizo neoni, kriptoni na zenoni. Levi anayafurahia majina haya ya Kigiriki kama mtoto anavyofurahia vitendawili, na sisi tunamwelewa, kwa kuwa majina ya namna hiyo ni hadithi zilizofupishwa.

Sasa turudi kwenye vile vivumishi. Kila kimoja ni dai, na kila dai lina tarehe yake.

Tukianza na adimu, neno hili ndilo lililozoeleka zaidi kwetu, na ndilo bovu zaidi. Agoni ni sehemu 0.93 katika kila mia ya hewa. Darasa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3 lina zaidi ya mita 2 za ujazo za agoni, ilhali kabonidayoksaidi, ambayo bila yake hakuna jani wala mhindi, inapata kama sehemu ya kumi ya mita moja. Levi mwenyewe anatumia ulinganisho huu huu, na hesabu yake ni sahihi. Heliamu nayo ni ya pili kwa wingi katika ulimwengu mzima baada ya haidrojeni. Zenoni ndiyo adimu kwa haki, kwani haifiki sehemu moja katika milioni kumi za hewa. Kuliita kundi zima kwa sifa ya mmoja ni kosa la kimantiki ambalo Kiswahili kimelirithi kutoka kwa wengine. Wala si jambo la darasani tu: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walipotangaza kwamba kuna heliamu nyingi chini ya ardhi ya bonde la Rukwa, Tanzania, mwandishi wa gazeti alikuwa na kazi ya kuandika kwamba gesi adimu imepatikana kwa wingi.

Bwete na ajizi yana asili na harufu tofauti. Ajizi ni neno la Kiarabu lililokwisha kupata uraia, na lina lawama ndani yake. Anayesema ajizi ni nyumba ya njaa hatoi maelezo ya kisayansi, anaonya. Bwete ni pole zaidi. Mtu hukaa bwete bila ya kuwa na hatia. Pengine hana kazi, pengine hana haja ya kazi. Waarabu wenyewe katika kemia wana al-ghazat al-khamila, gesi zilizolala, na pia al-ghazat an-nabila, gesi za kiungwana. Hili la mwisho lina nasaba na Ujerumani, ambako Hugo Erdmann alibuni jina Edelgas mwaka 1898 kwa kuzilinganisha gesi hizi na dhahabu na madini mengine ya thamani yasiyoshika kutu.

Mwanafunzi wa Lamu aliyechekwa hakuwa mjinga. Neno muungwana katika miji ya pwani halikuwa na maana ya mtu mwenye adabu peke yake, kama tunavyolitumia sasa mikutanoni. Lilimtenga mtu huru mwenye ukoo na mtwana asiyekuwa nao, na liliamua nani aoe kwa nani. Tuna hata neno lake maalumu: kufu. Binti huyu si kufu yake, wazee walisema, na ndoa ikafa. Sasa elementi isiyoungana na nyingine kwa sababu tabaka lake la nje limetimia, je, si elementi isiyopata kufu? Lugha chache zinaweza kusema jambo hili kwa neno moja. Tunakiri kwamba neno hili linatutia wasiwasi vile vile, kwa kuwa halisemeki bila ya kumwita mtwana aliye upande wa pili wake. Lakini Levi, aliyependa mizaha yenye makali, nadhani asingelikataa.

Levi anavitumia vivumishi vyote vitatu kwa wazee wake: waungwana, bwete, wachache. Kinachobeba uzito ni bwete. Anakiri kwamba kwa mwili hawakuwa bwete, maana ilibidi wale. Lakini kwa roho, anasema, walielekea kwenye mawazo yasiyo na faida, maneno ya busara na mabishano ya kupitisha muda. Ni maelezo ya mapenzi, yaliyoandikwa na mtu anayejua kwamba watu wa namna hiyo hawatarudi tena. Hata hivyo ni hapa tunapotofautiana naye, na tofauti yetu inaanzia katika kemia.

Katika aya hiyo ya kwanza Levi anasema kwamba ilikuwa mwaka 1962 tu ambapo mwanakemia mmoja mwenye bidii, baada ya juhudi ndefu, alifaulu kumlazimisha Mgeni kuungana kwa kitambo kidogo na florini, na kwamba kwa ajabu hiyo alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka ni sahihi. Mengine mengi si sahihi. Mwanakemia huyo, Neil Bartlett, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, hakupewa Nobel hadi alipofariki mwaka 2008. Wala hakuhitaji juhudi ndefu juu ya zenoni yenyewe. Alikuwa amegundua kwamba kampaundi ya platini na florini ilikuwa na nguvu ya kuing'oa elektroni hata katika molekuli ya oksijeni; akatazama jedwali, akaona kwamba nishati inayohitajika kung'oa elektroni ya zenoni inakaribia kulingana na ile ya oksijeni; akazikutanisha gesi mbili jioni moja ya mwezi wa Machi, na papo hapo akapata kitu kigumu chenye rangi ya manjano. Wala muungano haukuwa wa kitambo. Kabla ya mwaka kwisha, watafiti katika maabara ya Argonne karibu na Chicago (jina hilo halina uhusiano wowote na agoni, ni la msitu wa Ufaransa) waliipasha moto zenoni pamoja na florini katika chombo cha nikeli wakapata fuwele zisizo na rangi, ambazo hukaa bila ya kuvunjika katika joto la kawaida la chumba.

Mtu atasema: haya ni makosa madogo ya mwandishi wa hadithi, mhakiki asiwe karani wa mahakama. Tungekubali kama makosa yangeelekea pande mbalimbali. Yote yanaelekea upande mmoja. Yote yanaifanya ndoa ya Mgeni kuwa ngumu zaidi, fupi zaidi, na ya ajabu zaidi kuliko ilivyokuwa. Tamathali inahitaji hivyo, na mwanakemia ndani ya Levi amemwachia nafasi mjukuu.

Ukweli wa kemia unasema jambo jingine. Ubwete ni suala la daraja. Kadiri atomu inavyokuwa kubwa ndivyo elektroni za nje zinavyokaa mbali na kiini, na ndivyo zinavyong'oka kwa wepesi. Kwa hiyo zenoni huingilika kuliko kriptoni, kriptoni kuliko agoni. Agoni yenyewe, iliyoipa hadithi jina, ilipatikana katika kampaundi mwaka 2000 huko Helsinki, ikiwa pamoja na haidrojeni na florini, katika baridi kali mno. Ikipata joto kidogo huvunjika. Levi alikwisha kufa miaka 13 kabla. Na kwa nini ilichukua muda wote huo, kutoka 1894 mpaka 1962, kupata kampaundi ya kwanza? Wachache walijaribu. Henri Moissan, bingwa wa florini, alijaribu agoni mwaka 1895 akashindwa. Mwaka 1933 Linus Pauling alitabiri kwamba zenoni na florini zitaungana. Wenzake wawili katika chuo chake walijaribu, hawakupata kitu, na mlango ukafungwa. Vitabu vya shule viliandika kwamba gesi hizi hazimenyuki, na vizazi vya wanafunzi wakaliamini neno lililokuwa limeandikwa juu ya chupa. Zenoni haikuwa imekataa. Haikuwa imeulizwa kwa namna inayofaa.

Tukiwa na hayo, tuwatazame tena wazee wa Piemonte. Je, walikuwa bwete, au walibweteshwa? Ubwete wa agoni uko ndani ya atomu, hakuna aliyeiamrisha. Lakini Wayahudi wa Piemonte hawakupata haki kamili za raia mpaka mwaka 1848, na kabla ya hapo watawala waliwaweka katika mitaa ya peke yao iliyokuwa na malango. Miaka 90 tu baada ya kufunguliwa, mwaka 1938, sheria za ubaguzi za serikali ya Mussolini ziliwafukuza tena kutoka shuleni na kazini. Levi anayajua haya kuliko sisi. Yalimpata yeye mwenyewe. Anataja hata kwamba kujitenga huko hakukuwa kwa hiari siku zote. Lakini anataja kwa haraka, kisha gesi zinaendelea na kazi yao, na kazi yao ni kuigeuza sheria ya mtawala kuwa sheria ya maumbile. Hiyo ndiyo hatari ya kila tamathali inayochukuliwa katika sayansi ya vitu na kuwekwa juu ya watu: inasafisha historia.

Jambo la kupendeza ni kwamba hadithi yenyewe inatoa ushahidi dhidi ya tamathali yake. Ushahidi wa kwanza ni mzee Barbabramín. Kijana huyu alimpenda mtumishi wa nyumbani kwao, msichana asiyekuwa Myahudi, akataka kumwoa. Wazazi walikataa. Akapanda kitandani, akakaa humo miaka 22. Ndiye bwete wa mabwete katika hadithi yote, msomaji hucheka, na sisi tulicheka. Lakini ubwete wake haukutokana na kutimia kwa tabaka lake la nje. Alikuwa tayari kuungana. Waliomzuia ni wale wenye hesabu ya kufu. Levi amemweka kati ya vituko kana kwamba ni mfano bora wa agoni, ilhali ni mfano wa mmenyuko uliozimwa.

Ushahidi wa pili ni lugha, na hapa tunaomba kukaa kidogo. Wazee wa Levi walisema lahaja yao ya Kipiemonte iliyopachikwa mashina ya Kiebrania: shina linatoka katika lugha ya sala, viambishi vinatoka katika lugha ya soko. Msomi wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa jinsi jambo hilo linavyofanyika. Tunalichukua safari kutoka Kiarabu, tukasema alisafiri, wasafirishaji, usafiri, na hatuhisi mshono. Vijana wa Nairobi wanafanya vivyo hivyo na mashina ya Kiingereza katika Sheng. Tofauti ni kwamba Kiebrania cha Wapiemonte kilibaki na mshono, na mzaha wote umo katika mshono: neno zito la vitabu vitakatifu linapopewa mkia wa lahaja ya wakulima, ukumbi mzima hucheka. Kilikuwa pia fumbo la kusemea mbele ya wateja wasiotakiwa kuelewa.

Mfano mzuri ni neno havertà. Kiebrania haver ni mwenzi, rafiki. Kwa kupachikwa kiishio cha kike kisichokuwa chake, neno likaporomoka mpaka likawa na maana ya mtumishi wa kike, tena mtumishi wa watu wengine, wa dini nyingine, anayetazamwa kwa dharau kidogo. Basi yule aliyempenda Barbabramín alikuwa havertà: katika shina la neno alikuwa mwenzi, katika matumizi alikuwa kijakazi. Hadithi nzima ya miaka 22 kitandani imelala ndani ya neno hilo moja. Levi analieleza neno kwa uangalifu wa mwanaisimu, kisha analipita bila ya kuiona ndoa iliyomo ndani yake. Lahaja ya namna hii si gesi bwete. Ni kampaundi, tena kampaundi iliyodumu karne kadhaa. Watu ambao kila siku waliufunga mkia wa jirani kwenye shina la babu zao hawawezi kuitwa watu wasioungana na chochote.

Haki inatutaka tuseme kwamba kitabu kizima kinamjibu Levi wa sura ya kwanza. Katika sura ya zinki, ambayo ni ya tatu, anaeleza jinsi zinki safi kabisa inavyoikataa asidi, na jinsi uchafu kidogo unavyoifanya imenyuke. Hapo anausifu uchafu, na anajiona yeye mwenyewe Myahudi kuwa ndio uchafu unaoiamsha zinki. Na sura ya mwisho ni ya kaboni, elementi inayoungana na karibu kila anayepita. Kwa hiyo kitabu kinasafiri kutoka kwa isiyoungana hadi kwa inayoungana kuliko zote. Wale wanaoichomoa "Agoni" na kuiweka peke yake katika mikusanyo ya hadithi wanamdhulumu mwandishi, na pengine nasi tumemdhulumu kidogo hapo juu.

Yabaki maswali ya mtafsiri. Juu ya jina la kundi tungeshauri gesi bwete katika aya ya kwanza, pamoja na lile neno la Levi la kujilinda, "zinazoitwa", kwa sababu hadithi ikianza na adimu haiendi popote. Waungwana lingoje mpaka wazee waingie, lipate kubeba historia yake ya pwani mbele ya watu, si mbele ya chupa. Kemia ya shule ni jambo jingine, na kamati za istilahi zingefanya vyema kukumbuka mwaka 1962 kabla ya kuchagua bwete au ajizi kwa vitabu vya kidato.

Juu ya barba na magna, majina ya heshima ambayo Wapiemonte waliyapachika mwanzoni mwa majina ya wazee wote wa ukoo hata wa mbali, Kiingereza hakina la kufanya ila kuyaacha au kusema mjomba na shangazi bila ya kujua ni wa upande gani. Kiswahili kina shida hiyo ya pande zaidi, maana ami si mjomba. Lakini kina dawa pia: tuna bamkubwa na bamdogo, ambayo yenyewe ni maneno yaliyokwisha kugandana kwa kusemwa sana. Bamkubwa Abramini atasikika vizuri kwa sauti. Kwa Kiebrania cha mzaha tusikimbilie Sheng, ingawa kishawishi ni kikubwa. Sheng ni lugha ya vijana wanaoingia mjini. Ile ni ya wazee wanaotoka duniani. Afadhali Kiswahili cha mabaraza ya Mji wa Kale wa Mombasa, ambako maneno ya Kiarabu ya msikitini huangukia katika utani wa kahawa na kuvaa viambishi vya nyumbani.

Kuna mahali pamoja ambapo tafsiri ya Kiswahili itaipita ile ya Kiingereza bila ya jasho. Xenos ya Kigiriki ni mgeni kwa maana zote mbili: asiyejulikana, na aliyekaribishwa. Kiingereza kililazimika kuchagua, kikachagua asiyejulikana. Sisi tunasema Mgeni, basi, na maana zote mbili zinaingia mlango mmoja. Tena msomaji wetu atakapofika kwa Bartlett na florini yake atakumbuka mwenyewe kwamba mgeni ni siku mbili, na ya tatu hupewa jembe.

Kosa la Nobel tungeliacha lilivyo ndani ya matini, na kulisahihisha kwa maelezo mafupi chini ya ukurasa. Wenzetu wawili tuliowasomea rasimu ya makala haya walishauri lirekebishwe kimya kimya, kwa hoja kwamba mwandishi mwenyewe angelifanya hivyo kama angeambiwa. Huenda ni kweli. Lakini mtafsiri akilisahihisha, msomaji wa Kiswahili hatajua kamwe kwamba mwanakemia huyu hodari, aliyeishi kwa kupima na kupima tena, aliwahi kuongeza chumvi kwa ajili ya wazee wake.